Ruzuku Ndogo kwa Mhadhiri Mwenye Vipindi Vingi

Jumatatu ya Mei 15, 2023 wafanyabiashara wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa nao viwanja vya Mnazi Mmoja akiwasikiliza kuhusu kodi, usajili wa stoo na kero nyingine. Mabishano ya namna ile yanahitaji mtu wa tatu, asiyekusanya kodi wala kuuza vitenge, ambaye amefuatilia biashara ya mitaa ile kwa miaka na ana takwimu mkononi.

Mtu huyo tungemtarajia atoke jirani. Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichoanza mwaka 1965, kiko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mwendo wa miguu tu kutoka sokoni. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1957, iko barabara hiyohiyo, inapokutana na ya Morogoro. Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), cha mwaka 1972, kiko mbele kidogo, Mtaa wa Shaaban Robert. Humo mna walimu wa biashara, kodi, uhasibu na ujenzi, na wengi wao wananunua mahitaji yao Kariakoo. Wanaijua. Kupewa fedha na muda wa kuichunguza ni jambo jingine.

Mlango mkuu wa fedha za utafiti nchini ni Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, pamoja na mfuko wake, MTUSATE, ulioanzishwa mwaka 1995. Utaratibu wa mifuko ya aina hii unafanana karibu dunia nzima: tangazo linatolewa, watafiti wanaandika maandiko, wataalamu wanayapitia na kuyapa alama. Alama nyingine zinatokana na swali na mbinu. Nyingine zinatokana na rekodi ya mwombaji: amechapisha nini, amewahi kusimamia mradi wa shilingi ngapi, ana vifaa gani, anashirikiana na nani. Kwenye alama hizi za pili mwalimu wa chuo cha kufundisha ameshaachwa nyuma kabla swali lake halijasomwa, hata liwe zuri kiasi gani.

Marekani waliliona tatizo hili miongo minne iliyopita. Taasisi za Taifa za Afya za huko zilianzisha mwaka 1985 ruzuku iitwayo AREA, kwa ajili ya vyuo ambavyo havijapata fedha nyingi kutoka kwao. Kipimo kimekuwa dola milioni 6 kwa mwaka, na chuo kinachozidi hapo hakiruhusiwi kuomba. Hivyo mwalimu wa chuo kidogo anashindana na walimu wenzake. Na andiko lake lazima lioneshe wanafunzi watakavyoshiriki, kwa hiyo kufundisha, ambako kwenye tangazo la kawaida ni mzigo unaomrudisha nyuma, hapa kunamwongezea nguvu. Mimi naona dirisha la namna hii ndani ya mfuko wetu wa taifa lingeleta matunda mengi kwa gharama ndogo kuliko maabara yoyote mpya.

Lakini dirisha pekee halitoshi, maana kikwazo kikubwa ni muda. Mhadhiri mwenye madarasa makubwa, mitihani ya kusahihisha na wanafunzi wa kusimamia hawezi kuandika makala ya kisomi usiku akiwa amechoka. Ruzuku inayomfaa ni ile inayokubali kulipa mwalimu wa muda achukue baadhi ya vipindi vyake kwa muhula mmoja. Bajeti nyingi hupenda kununua kompyuta, kwa sababu kompyuta inahesabika.

Halafu kuna risiti. Mdodosaji amezunguka Mtaa wa Kongo tangu asubuhi. Amepanda bodaboda. Amekunywa chai kwa mama lishe akimsubiri mwenye fremu apate nafasi. Amempa winga elfu tano, kwa sababu saa nzima aliyomhoji ni saa ambayo winga huyo angemvuta mteja dukani na kuweka chake juu ya bei. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye mashine ya kutolea risiti za kodi (EFD). Mhadhiri akienda kurejesha masurufu, ofisi ya uhasibu inadai risiti, na nimeona watu wazima wakilipa mfukoni mwao, kisha wakaapa kutoomba tena fedha za utafiti. Dawa yake ni kukubaliana na mfadhili tangu andiko linapoandikwa: viwango vya nauli na fidia ya muda vijulikane, na mpokeaji asaini fomu.

Tunao mfano wa karibu wa kujifunza. Muungano wa utafiti wa uchumi wa AERC, ulioanzishwa Nairobi mwaka 1988, umekuwa ukitoa ruzuku ndogo kwa wachumi wa Afrika, na anayepewa huwasilisha kazi yake kwenye warsha za mara mbili kwa mwaka, ambako inakosolewa bila huruma. Ukosoaji ule una thamani kama fedha yenyewe, hasa kwa mtu ambaye chuoni kwake hana mwenzake wa fani moja.

Na kuna hazina ambayo haihitaji kusubiri tangazo lolote. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika ripoti za utafiti, kila mmoja na swali lake, na ripoti zikishafungwa jalada huishia kwenye rafu. Mhadhiri akiwapa wanafunzi 30 swali moja, tuseme jinsi mali kauli inavyotolewa na kulipwa kati ya duka la jumla na machinga, au kilemba cha fremu kimepanda kiasi gani, na kila mwanafunzi akahoji maduka 10, hayo ni maduka 300 kwa mwaka mmoja. Wenzao wa ujenzi wanaweza kupima nyufa za majengo yaleyale kila mwaka. Tangu ghorofa liporomoke Kariakoo na kuua watu Novemba 16, 2024, hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini nyufa hizo zipimwe. Baada ya miaka 4 mhadhiri ana mfululizo wa takwimu ambao mtafiti wa kuja na kuondoka hawezi kuupata. Kinachobaki kulipiwa ni nauli, kuchapa madodoso, na mtu mmoja wa kusafisha takwimu na kuzitunza ili wanafunzi wa mwaka unaofuata wazikute.