Kuzama Majini: Kinga Huanzia Katika Jamii

Kuzama majini ni kushindwa kupumua kutokana na njia ya hewa kufunikwa na maji au kimiminika kingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walifariki kwa sababu hiyo mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ajali kubwa, kama ya kivuko cha MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara mnamo Septemba 2018, iliyoua zaidi ya watu 200, hukumbukwa na taifa zima. Hata hivyo, wengi huzama mmoja mmoja, bila habari kuvuma: mtoto aliyetumbukia kisimani, mvuvi wa dagaa aliyeanguka usiku, mwanafunzi aliyekwenda ziwani kuchota maji.

Kinachotokea mwilini

Anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa kuwa hana pumzi ya kupigia. Maji yakiingia mapafuni huharibu utando unaosaidia vifuko vya hewa kubaki wazi, na oksijeni hupungua katika damu. Ubongo huanza kudhurika ndani ya dakika chache. Kwa hiyo, maisha ya mhanga hutegemea zaidi aliye karibu naye kuliko hospitali iliyo mbali.

Mafunzo ya kuogelea

Inashauriwa watoto wafundishwe kuogelea na usalama wa majini kuanzia umri wa miaka 6. Shabaha si mashindano, bali mtoto aweze kuelea chali, kudhibiti pumzi, kugeuka na kurudi ufukoni. Walio chini ya umri huo hukingwa kwa uangalizi wa mtu mzima, uzio, na mifuniko ya visima na mapipa. Nchini Bangladesh, vituo vya kulelea watoto nyakati ambazo wazazi wako kazini vimepunguza sana vifo vya watoto wadogo.

Mafunzo hayadumu bila ridhaa ya jamii. Huko Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea na walimu wanawake, wakivaa mavazi yanayositiri mwili mzima. Hivyo wazazi wenye wasiwasi wa kimaadili wamepata njia ya kuwaruhusu binti zao. Katika mialo ya Ziwa Victoria, vikundi vya BMU, walimu na viongozi wa dini wanaweza kuchagua eneo la kina kifupi, kuteua waangalizi na kuhimiza kila mvuvi avae jaketi la kujiokolea.

Lipo jambo moja linalohitaji busara: maji ya ziwa huweza kuambukiza kichocho. Panapowezekana, mafunzo yafanyike katika bwawa lenye maji yaliyotibiwa. Pasipowezekana, waratibu washirikiane na kituo cha afya ili watoto wapate dawa ya prazikwanteli kwa mujibu wa mwongozo wa wizara.

Msaada wa kwanza

Mwokoaji asijitose ovyo. Wengi wamekufa wakiokoa wenzao. Amrushie mhanga kamba au dumu tupu lililofungwa kizibo, au amnyooshee mti. Akishamtoa, na ikiwa hapumui, amlaze chali, afungue njia ya hewa, ampulizie pumzi 5, kisha akandamize kifua mara 30 na kumpulizia pumzi 2, akiendelea hivyo hadi msaada ufike. Kubonyeza tumbo au kumning'iniza mtoto kichwa chini ili maji yatoke ni kupoteza muda, na matapishi huweza kuingia mapafuni.

Aliyezinduka naye apelekwe kituoni na aangaliwe kwa saa zisizopungua 6, kwani hali ya mapafu huweza kuzorota baadaye. Huko oksijeni ndiyo tiba ya kwanza. Antibiotiki zisitolewe kwa mazoea, bali pale dalili za maambukizi zinapoonekana.

Wajibu wa mtoa huduma

Mgonjwa wa kifafa yumo katika hatari kubwa kuliko watu wengine. Kila anapokuja kliniki aulizwe anaoga wapi, anachota maji wapi, na kama anavua. Ashauriwe kutokwenda majini peke yake na kutoacha dawa zake. Vivyo hivyo, mama aletaye mtoto kupimwa uzito aulizwe kama kisima cha nyumbani kina mfuniko. Swali hilo huchukua nusu dakika, na mfuniko wa mbao huweza kutengenezwa siku hiyohiyo.