Fildi ya uhandisi: bidhaa ya bure isiyopata mnunuzi

Kati ya Aprili na Julai kila mwaka kuna bidhaa inayofurika sokoni bila bei yake kuonekana katika jedwali lolote. Ni wanafunzi wa uhandisi wanaotafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, au fildi kama wenyewe wanavyoita. Wanatoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako uhandisi ulianza kufundishwa mwaka 1973, wanatoka DIT, na wengine hutoka vyuo vya Mbeya na Arusha. Kwa kawaida hutakiwa kukaa kazini wiki nane hivi. Asiyefanya fildi hamalizi masomo, kwa hiyo muuzaji huyu hawezi kurudi nyumbani na mzigo wake kungoja bei ipande.

Wengi wao hawadai mshahara. Mzazi hubeba nauli, chakula na viatu vya kazini, na baadhi hupata fedha ya mafunzo kupitia Bodi ya Mikopo. Msomaji mfanyabiashara atauliza: kitu cha bure kinakosaje mnunuzi?

Jibu ni kwamba si cha bure. Tufanye hesabu ndogo. Karakana ikimpa mwanafunzi saa moja tu ya fundi mkuu kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki nane zinafika saa 40. Hiyo ni wiki nzima ya kazi ya mtu yule yule anayetafutwa mashine inaposimama. Ongeza hofu ya kijana mgeni kuingiza mkono kwenye mkanda unaozunguka. Mwenye kiwanda huenda hajawahi kuandika hesabu hiyo, lakini anaijua, na ndiyo maana mlinzi getini ameagizwa kusema nafasi zimejaa.

Basi anayepata nafasi ni yule anayeipunguza gharama hiyo mapema. Barua ya chuo inasema tu kwamba huyu ni mwanafunzi wetu, msaidieni. Haimwambii mwenye mali atapata nini. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye hajawahi kushika spana, ana mambo mawili yanayouzika: anajua kupima na anajua kuchora. Viwanda vidogo vingi vinaendesha mashine zilizonunuliwa zikiwa zimetumika, zisizo na michoro. Kipuri kikivunjika, hubebwa chenyewe hadi kwa mchonga vyuma. Kijana anayeahidi kuacha michoro ya vipuri kumi vinavyoharibika mara kwa mara, au daftari linaloonyesha jenereta inakula lita ngapi kwa saa na mashine ipi husimama zaidi, amekwenda na kitu mkononi. Ukurasa mmoja unatosha. Aupeleke mwenyewe, asubuhi, kwa msimamizi wa karakana, kabla ya kwenda ofisi ya utumishi.

Kosa la kawaida ni wote kupeleka barua mahali pamoja: TANESCO, TANROADS, bandarini na migodini. Huko foleni ni ndefu. Wakati huo huo, mkandarasi wa daraja la chini anayejenga ghorofa tatu mtaani hajapata hata barua moja. Bango la mradi lililosimamishwa mbele ya ujenzi hutaja mkandarasi na mhandisi mshauri, na Bodi ya Usajili wa Makandarasi ina orodha ya waliosajiliwa. Kwa maoni ya safu hii, kutwa moja ya kutembea na kunakili mabango inazidi barua 20 zilizotumwa kwa posta.

Tahadhari moja kwa wazazi: wamezuka watu wanaouza nafasi za fildi. Ukilipa dalali, umenunua kitu ambacho mwenye kiwanda hakukiuza. Weka fedha hiyo kwenye nauli.

Kwa upande wa mnunuzi, yaani wewe mwenye karakana au kinu, usimchukue kijana ili apige deki na kuchemsha chai. Chuo hutuma mwalimu kumkagua, na daftari lake la kazi la kila siku litasomwa. Mpe kazi moja yenye mwisho. Kabla hajaanza, chuo kiseme kwa maandishi nani anabeba bima akiumia. Jambo hili likiachwa kwa mdomo huwa ghali. Wawili wanatosha kwa karakana ya mafundi sita. Wakizidi hapo, fundi mkuu wako amekuwa mwalimu.

Lililobaki ni majira. Fildi nyingi huangukia Julai hadi Septemba, kwa hiyo tafuta mitambo inayozunguka miezi hiyo. Vinu vya alizeti vya Singida na Dodoma na vya mpunga Kahama huwa na mzigo baada ya mavuno. Vya kuchambua pamba Simiyu na Shinyanga hufuata ununuzi unaoanza Mei, na viwanda vya sukari huwa vimekwisha kuwasha baada ya mvua za masika. Korosho za Mtwara na Lindi zisubiri, kwani minada yake huanza mnamo Oktoba, wanafunzi wakiwa wanajiandaa kurudi darasani.