Kiwango cha Elimu, Somo la Vitendo, na Neno "Kuyeyuka"

Viwango vya elimu ya sayansi vilivyotolewa Marekani mwaka 2013, ambavyo kila jimbo lina hiari ya kuvikubali, havisemi tu mtoto ajue nini. Vyasema pia atende nini. Kimoja cha darasa la tano chamtaka mwanafunzi apime na kuchora grafu, ili athibitishe kwamba vitu vikipashwa moto, vikipozwa au vikichanganywa, uzito wote haupungui wala hauzidi.

Basi mwalimu akitia chumvi katika maji na watoto wakatazama tu, kiwango hakijatimizwa, ijapokuwa somo ni la vitendo. Yapasa watoto wapime chumvi na maji, wachanganye, wapime tena, kisha wachore grafu ya vipimo vyao. Gramu 10 za chumvi katika gramu 100 za maji ni gramu 110, ingawa chumvi haionekani tena.

Jambo hili lahusu Kiswahili pia, kwani ndicho lugha ya kufundishia sayansi katika shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania. Katika mazungumzo ya kila siku barafu "huyeyuka", na chumvi "huyeyuka" vilevile. Lakini barafu yahitaji joto tu. Chumvi yahitaji maji ya kuipokea. Kwa chumvi lafaa neno "kumumunyika", litokanalo na kumumunya kitu kinywani. Mwenye kutafsiri kiwango cha namna hii na achague kwanza vitenzi vyake, kwani ndivyo vitakavyomwongoza mwalimu katika kupanga somo.