Upatanisho wa Kisarufi na Ufichaji wa Mhalifu katika Filamu ya Upelelezi: Mfano wa Mandhari ya Karatu na Ngorongoro

1.0 Utangulizi
Bunilizi ya upelelezi imekita mizizi katika Kiswahili. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilichapishwa mwaka 1960, na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla mwaka 1965. Kaida kuu ya utanzu huu ni kuwa hadhira ipewe vidokezo vyote bila kutambua mapema uzito wake. Filamu hutimiza kaida hiyo kwa kamera, mwanga na sauti. Makala haya yanabainisha kuwa filamu ya Kiswahili ina nyenzo ya ziada, yaani upatanisho wa kisarufi, ambayo tafsiri huweza kuiharibu.

2.0 Kuficha kwa Picha
Katika Psycho (1960), Alfred Hitchcock alimwonesha muuaji nyuma ya pazia la bafu, mwanga ukitokea mgongoni ili uso ubaki gizani. Viwakilishi vya kike vya Kiingereza navyo vilisaidia kuipotosha hadhira. Katika ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu wa asubuhi unaweza kufanya kazi ya pazia hilo.

3.0 Kuficha kwa Sarufi
Tuchukue onesho la kubuni. Mlinzi aliyekuwa lindoni ukingoni anamweleza mpelelezi: “Alipita mbio, ameushika mkononi, akautupa korongoni.” Kiambishi a- kinaficha jinsi ya mkimbiaji bila mlinzi kusema uongo. Papo hapo, kiambishi -u- kinafichua aina ya silaha: si kisu (-ki-), si panga (-li-), wala si bunduki au sime (-i-). Huenda ni mkuki au upanga. Mtazamaji makini amekwisha kupewa kidokezo.

Manukuu ya Kiingereza hugeuza hali hiyo. Mfasiri hulazimika kuchagua kiwakilishi cha kiume au cha kike, au kutafuta njia ya kukwepa uchaguzi huo. Silaha nayo hubaki “kitu” tu. Kilichofichwa hufichuliwa, na kilichofichuliwa hufichwa.

Karatu huongeza utata. Kitenzi cha Kiiraqw, lugha ya Kikushi inayozungumzwa sana wilayani humo, hutofautisha nafsi ya tatu umoja ya kiume na ya kike. Shahidi akitoa ushahidi kwa Kiiraqw na mkalimani akaufasiri kwa Kiswahili, jinsi ya mhalifu hupotea njiani. Mtazamaji anayejua Kiiraqw atang’amua mapema, wengine watasubiri.

4.0 Hitimisho
Mwandishi wa muswada hana budi kuamua tangu awali ni lugha ipi ibebe kidokezo, kisha mwongozaji apange picha isiyokisaliti. Vilevile, manukuu yaandaliwe na mtu anayejua siri ya kisa. La sivyo, fumbo lililolindwa kwa ukungu na kamera litafumbuliwa na kiwakilishi kimoja chini ya picha.