Misingi ya Ubora wa Programu za Kitaasisi: Mfano wa Mita za LUKU Jijini Dar es Salaam

Makala haya yanafafanua misingi mitatu ya ubora wa programu za kitaasisi, yaani programu zinazoendesha shughuli za shirika zima na kuhudumia wateja wengi kwa wakati mmoja. Mfano uliotumika ni mfumo wa LUKU (Lipa Umeme Kadri Utumiavyo) wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO). Hoja kuu ni kwamba ubora wa programu ya aina hii hupimwa kwa muda wote wa maisha ya vifaa vinavyoitegemea, wala si kwa siku ya uzinduzi pekee.

Msingi wa kwanza ni kujitegemea kwa sehemu za mfumo. Mkazi wa Mbagala, wilayani Temeke, au wa Tegeta, wilayani Kinondoni, anaponunua umeme kwa simu au kwa wakala, hupokea tokeni ya tarakimu 20 na kuiingiza mwenyewe katika mita. Mita ya kawaida ya LUKU haiwasiliani na seva. Huifumbua tokeni kwa ufunguo uliohifadhiwa ndani yake. Hivyo basi, seva ikizimika, ununuzi husimama, lakini uniti zilizokwisha kuingizwa huendelea kutumika.

Msingi wa pili ni kuhesabu muamala mara moja tu. Tarakimu zilezile zikiingizwa tena, mita huzikataa. Hili linawezekana kwa sababu kiwango cha kimataifa cha STS, kilichoanzia Afrika Kusini, huweka ndani ya kila tokeni alama ya muda wa kutolewa kwake, nayo mita hutunza kumbukumbu ya alama ilizopokea. Pasipo kinga hii, malipo ya mara moja yangeweza kuleta umeme mara nyingi.

Msingi wa tatu, unaosahaulika kwa urahisi, ni kuujua ukomo wa kila uamuzi wa usanifu. Alama hiyo ya muda ilihesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, nayo ilitengewa biti 24, zinazotosha dakika 16,777,216 tu. Hesabu hiyo ilifikia kikomo tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo, kinga ileile iliyozuia udanganyifu ingezifanya mita zisizoboreshwa kukataa tokeni halali, kwa kuwa zingeonekana kuwa za zamani.

Ili kuepusha hali hiyo, TANESCO iliendesha maboresho ya mita mwaka 2024. Mteja alipewa makundi mawili ya ziada ya tarakimu 20, ayaingize kwanza, kisha aingize tokeni ya umeme. Marekebisho yalipita katika njia ambayo mteja aliizoea, bila kuhitaji fundi afike kila nyumba. Huu ni ushahidi wa usanifu ulioacha nafasi ya mabadiliko. Hata hivyo, sehemu ya gharama ya uamuzi wa biti 24 ilimwangukia mteja, aliyelazimika kubonyeza tarakimu 60 badala ya 20.

Kwa jumla, anayetathmini programu ya kitaasisi hana budi kuuliza: sehemu moja ikishindwa, nyingine zitaendelaje? Muamala ukirudiwa, utahesabiwa mara ngapi? Uamuzi huu utafikia ukomo lini, na nani atabeba mzigo wake? Majibu yaandikwe katika hati za usanifu tangu mwanzo, kwa kuwa wanaoweka ukomo huenda wasiwepo kazini siku utakapofika.