Shahada ya jirani isihesabiwe ya mgeni

Mwanafunzi wa Bujumbura aliyemaliza mwaka wa pili wa shahada na kutaka kumalizia masomo yake Dodoma hatapata shida kubwa mpakani Kobero. Shida itamkuta mezani kwa ofisa udahili, pale atakapotoa karatasi yake ya matokeo. Inaonyesha krediti 120. Kwa hesabu ya vyuo vikuu vya Tanzania, krediti 120 ni kazi ya mwaka mmoja, kwa hiyo mwaka mzima wa kijana huyu unaweza kupotea hivi hivi.

Ukweli ni kwamba hakuna mwaka uliopungua. Burundi inafuata mfumo wa LMD uliotoka Ulaya, ambao humpa mwanafunzi krediti 60 kwa mwaka. Krediti moja ya mfumo huo hubeba saa 20 hadi 30 za kazi, kutegemea nchi. Tanzania na Rwanda huhesabu saa 10 kwa krediti na kufikisha 120 kwa mwaka. Uganda nayo imezoea kuhesabu saa 15 za darasani kwa kila yuniti. Ni mizani tofauti zinazopima mzigo uleule, na asiyejua kuzisoma atadhani jirani amepunja.

Hapo ndipo mazungumzo ya kuvifanya vyuo vikuu vyetu kuwa vya kimataifa yanapopaswa kuanzia. Siku hizi karibu kila chuo kina ofisi ya uhusiano wa kimataifa na mikataba na vyuo vya Ulaya, China, India au Marekani. Si jambo baya. Chuo cha Carnegie Mellon cha Marekani kinafundisha shahada za uzamili Kigali, na mwaka 2023 taasisi ya IIT Madras ilifungua Zanzibar kampasi ya kwanza ya IIT nje ya India. Vijana wetu wanafaidika. Lakini chuo kinachoweza kumpeleka mwanafunzi Ujerumani kwa muhula mmoja, kisha kikashindwa kupokea krediti kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kimeacha mlango wa karibu ukiwa umefungwa.

Tulikuwa na chuo kimoja

Wazee wanakumbuka kwamba mlango huo uliwahi kuwa wazi. Kuanzia 1963 hadi 1970 Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania, zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichokuwa na matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mkuu wake alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Nchi zile hazikuwa na fedha za kujenga kila kitivo mara tatu, kwa hiyo ziligawana kazi. Aliyetaka udaktari wa binadamu alikwenda Makerere. Uhandisi na udaktari wa mifugo ulikuwa Nairobi. Sheria ilifundishwa Dar es Salaam, ambako kitivo chake kilianza 1961.

Mgawanyo huo uliwachanganya vijana. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alisomea sheria Dar es Salaam. Yoweri Museveni wa Uganda alisoma hapo hapo mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuna aliyehitaji barua ya kuthibitisha kwamba shahada ya mwenzake ilikuwa shahada kweli, kwa sababu wote walitoka chuo kimoja.

Mwaka 1970 chuo kiligawanyika kuwa vyuo vitatu vya taifa. Kila serikali ilitaka wataalamu wake kwa wingi na kwa haraka, na ilitaka mitaala iendane na siasa na mipango yake. Hoja hizo zilikuwa na uzito. Ila kilichofuata ni kwamba kila nchi iliweka msimamizi wake na vipimo vyake: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu Kenya (CUE), Baraza la Taifa la Elimu ya Juu Uganda (NCHE), na kadhalika kwa wengine.

Karatasi zipo, meza hazijabadilika

Isidhaniwe kwamba hakuna kilichofanyika. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki (IUCEA), lenye makao Kampala, limetengeneza miongozo ya pamoja ya ubora na vigezo vya chini vya masomo kadhaa, yakiwemo biashara na kompyuta. Mwaka 2015 ulipatikana mfumo wa pamoja wa viwango vya sifa za elimu ya juu, unaoeleza mwenye shahada ya kwanza anapaswa kujua nini na kuweza nini, awe amesoma Juba au Mombasa. Mei 2017, walipokutana Dar es Salaam, wakuu wa nchi wanachama walitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu.

Fani zenyewe zimetangulia. Wahasibu na wasanifu majengo wa nchi kadhaa za Jumuiya walitia saini makubaliano ya kutambuana 2011, na wahandisi wakafuata 2012. Walifanya hivyo kwa sababu Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka, na ruhusa hiyo haina maana kama cheti cha mfanyakazi kinabaki nyuma.

Kazi iliyobaki iko chini, kwenye ofisi za udahili. Mkenya aliyesoma mfumo wa 8-4-4 aliingia chuo kikuu baada ya kidato cha nne na kusoma shahada kwa miaka minne. Mtanzania na Mganda huingia baada ya kidato cha sita, na shahada nyingi kwao ni miaka mitatu. Wote huhitimu wakiwa na takribani miaka ile ile ya masomo kuanzia darasa la kwanza, lakini Mkenya akifika Kampala au Dar es Salaam na cheti cha kidato cha nne huulizwa cha sita kiko wapi. Mfumo mpya wa Kenya ulioanza 2017 umekusudia miaka mitatu ya chuo kikuu, na hiyo ni nafasi nzuri ya kulinganisha upya. Ikipita bila mazungumzo na majirani, kizazi kingine kitarithi maswali yale yale.

Kuna na ada. Vipo vyuo vinavyomtoza mwana Jumuiya sawa na raia, na vipo vinavyomweka kundi moja na mwanafunzi aliyetoka bara jingine. Kwa mzazi wa Ngara au Busia, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto atasoma chuo kilicho kilomita chache ng'ambo ya mpaka au atasafiri siku nzima kwenda mji mkuu wa nchi yake.

Jirani awemo ndani ya somo

Wengi wa wanafunzi wetu hawatasafiri kamwe, hata ada zikisawazishwa. Kwao, umataifa lazima uwe ndani ya somo lenyewe. Mwanafunzi wa uvuvi Mwanza anasoma Ziwa Victoria, na ziwa hilo ni la nchi tatu. Sangara hajui mpaka. Mtaala unaomfundisha sheria za uvuvi za Tanzania peke yake umempa sehemu tu ya ziwa. Vivyo hivyo, daktari anayesomea Bukavu, Kigali au Mbarara anahitaji kujua mfumo wa afya wa jirani, maana Ebola imekwisha kutuonyesha kwamba mgonjwa anaweza kuvuka mpaka kabla taarifa yake haijavuka.

Kwa masomo ya aina hii hakuna haja ya kungoja jengo jipya. Wahadhiri wawili, mmoja Kisumu na mwingine Mwanza, wanaweza kuandaa kozi moja ya muhula mmoja, wakafundisha kwa zamu kupitia intaneti, wakasahihishiana mitihani. Kinachohitajika ni seneti zote mbili kukubali kwamba alama zitakazotolewa upande mmoja zitaandikwa upande wa pili bila kupunguzwa.

Hapo lugha nayo inaingia. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya mwaka 2022, chuo kikuu cha Lubumbashi, kinachofundisha kwa Kifaransa, kimekuwa chuo cha nyumbani. Mwanafunzi wa Lubumbashi na wa Dodoma wataagizana chakula, watabishana mpira na kusimuliana mambo ya kwao kwa Kiswahili. Wakiingia darasani, mmoja anahamia Kifaransa na mwingine Kiingereza, na ghafla hawaelewani tena. Hakuna anayesema Kiswahili kichukue nafasi ya lugha hizo kesho asubuhi. Lakini semina, kazi za vikundi na mafunzo kwa vitendo vinaweza kuendeshwa kwa lugha ambayo wanafunzi wenyewe tayari wanaitumia koridoni.

Kwa kuanzia, mamlaka za nchi nane zingeweza kukubaliana juu ya jambo moja dogo: jedwali la kugeuza krediti za nchi moja kuwa za nyingine, lichapishwe, libandikwe katika kila ofisi ya udahili, na litumike bila mwanafunzi kulipia barua ya uthibitisho. Jedwali hilo ni kurasa chache. Likiwepo, yule kijana wa Bujumbura atafika Dodoma akiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kama alivyoondoka kwao.