Trela Ikifungwa Nyuma ya Pikapu, Vioo Navyo Virekebishwe

Kikundi kikishanunua pikapu, haupiti muda mrefu kabla wanachama hawajaanza kuongea juu ya trela. Na ni kweli trela inasaidia. Magunia yanaongezeka, mapipa ya maji yanapata nafasi, na kazi ya safari mbili inafanywa kwa safari moja.

Lakini kuna jambo ambalo husahauliwa siku ya kununua. Vioo vya pembeni vya pikapu vilitengenezwa kwa pikapu peke yake. Ukifunga trela pana nyuma, dereva anabaki kuangalia mbao za trela tu. Bodaboda anayepenya upande wa kushoto haonekani. Mtoto aliyeinama nyuma kuokota mahindi yaliyomwagika, naye haonekani. Hapo ndipo kikundi kinaweza kupata hasara ambayo hakuna mchango unaoweza kuilipa.

KWA NINI DEREVA HAONI

Tuchukue mfano. Pikapu ina upana wa mita 1.7 na trela ina mita 2.1. Trela imezidi pikapu kwa sentimita 40, yaani sentimita 20 kila upande. Kama kioo hakitokezi nje kupita hizo sentimita 20, dereva hawezi kuona kando ya trela hata akikigeuza namna gani.

Upande wa kushoto una shida zaidi. Hapa Kenya dereva huketi kulia, kwa hivyo kioo cha kushoto kiko mbali na macho yake na kinamwonyesha sehemu ndogo ya barabara. Na ni huko kushoto ndiko watu wanatembea kwa miguu.

VIOO VYA KUONGEZA

Maduka ya spea huuza vioo vya kuvutia trela. Kuna aina mbili. Ya kwanza hufungwa kwa mikanda juu ya kioo cha zamani. Ni rahisi, lakini barabara ya mashimo huitelezesha. Aina ya pili huja na mkono wake mrefu, na hufungwa kwa bolti mahali pa kioo cha zamani. Hii ni bora kwa gari linalovuta trela kila wiki. Ulizeni bei katika maduka zaidi ya moja, na mwende na vipimo vya trela yenu.

Aina yoyote mtakayonunua, msiifunge tu na kuondoka. Mwambieni fundi afanye haya:

1. Avute mkono mpaka sehemu kubwa ya kioo itokeze nje ya ubavu wa trela. Asizidishe, kwa sababu kioo kilichotokeza sana kitagonga watu na miti.

2. Aweke kipande cha tyubu kuukuu kati ya kioo cha zamani na kile cha kufungwa kwa mikanda. Mpira huzuia kuteleza.

3. Mkono mrefu hutikisika, na kioo kinachotikisika hakionyeshi kitu. Ashikilie mkono kwa ufito wa chuma kutoka chini, vile nguzo ya kona ya seng'enge hushikiliwa na mti wa kuegemeza. Atumie nati zisizolegea kwa mtikisiko.

4. Asichomelee mkono kwenye mlango. Bati la mlango ni jembamba, litatoboka na kushika kutu. Tena mkono lazima uweze kukunjika ukigongwa.

5. Abandike kioo kidogo cha mviringo, kile kilichotuna kama mgongo wa kijiko, kwenye kona ya kioo kikubwa. Aanze na cha kushoto. Kioo hiki huonyesha eneo pana, lakini kina udanganyifu wake: kitu huonekana kidogo na kana kwamba kiko mbali, kumbe kiko karibu. Dereva akitumie kujua kama kuna mtu, halafu apime umbali kwa kioo kikubwa kilicho bapa.

KUPIMA KWA JERIKENI

Pelekeni gari na trela uwanjani. Zimeni injini, mtoe ufunguo. Dereva aketi vile huketi akiendesha. Ageuze kila kioo mpaka ukingo wa ndani uonyeshe ubavu wa trela kidogo tu, na upeo wa barabara uwe katikati.

Sasa mtu mmoja azunguke gari akiwa na jerikeni ya manjano, akiiweka chini kila hatua. Dereva akisema "siioni," mwagieni majivu hapo. Mkimaliza mtaona eneo lote lililofichika likiwa limechorwa chini. Waiteni wanachama wote waje, na watoto pia wasimame ndani ya majivu ili waone wenyewe jinsi dereva asivyowaona. Somo hilo halisahauliki haraka.

MAHALI KIOO HAKIFIKI

Hata vioo vizuri namna gani, nyuma kabisa ya trela patabaki na majivu. Kamera ya nyuma nayo, ikiwa imewekwa kwenye pikapu, itaona trela tu. Kwa hivyo wekeni sheria: gari halirudi nyuma bila utingo kushuka. Utingo asimame upande wa dereva, mahali anapoonekana kwenye kioo, wala si katikati nyuma ya trela. Akipotea kwenye kioo, dereva asimame papo hapo mpaka amwone tena.

Kila asubuhi vioo vipanguswe vumbi na nati zikaguliwe. Trela ikifunguliwa, mikono irudishwe ndani.

Gharama hii iandikwe kwenye bajeti ya trela tangu mwanzo, pamoja na magurudumu na taa. Mweka hazina akisema pesa zimeisha, heri trela ingoje mwezi mmoja.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Trela yetu imezidi gari kwa sentimita ngapi kila upande?
2. Ni nani anaruhusiwa kumwelekeza dereva akirudi nyuma? Je, amefundishwa?
3. Siku ya soko watoto wetu hucheza wapi gari linapopakiwa?